Acheni pini ya mjamzito wa Kiyoruba, hesabuni masaa

Tuseme ukweli, huku Afrika Mashariki Wayoruba, wale wa kusini magharibi mwa Nigeria, tumewajulia kwenye filamu. Muulize mtu wa Mwanza au wa Kisumu mjamzito wa Kinigeria anaishije, atakupa mganga mwenye kauri, mama mkwe mwenye roho mbaya na mtoto anayebadilishwa tumboni na pepo mchana kweupe, na kama filamu yenyewe aliiona kwa sauti ya DJ anayetafsiri basi na chumvi imeongezwa humo humo. Ukienda kwenye ripoti za mashirika ya afya unakuta stori ni ile ile ila imeandikwa kwa adabu, mila kandamizi, uelewa mdogo wa jamii, elimu zaidi itolewe. Nimezisoma nyingi za hivyo na kila nikimaliza nabaki na swali lile lile, ni imani ipi hasa iliyomuua huyo mama, na ilimuua saa ngapi?

Saa ngapi nauliza makusudi kabisa. Vifo vya uzazi vina saa yake. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kwisha ndani ya masaa mawili, kifafa cha mimba nacho hakisubiri kesho, uchungu pingamizi unaweza kukupa siku nzima na zaidi kabla kizazi hakijapasuka. Kwahiyo mila yoyote ya ujauzito mimi napenda kuipima kwa kitu kimoja tu, inakula masaa au haili? Kama haili, iacheni, hata kama inachekesha.

Chukua hii ya pini. Kwa Wayoruba mjamzito hatakiwi kuzurura jua la utosini wala usiku mkubwa, ndo masaa ambayo viumbe wasioonekana wanatembea na wanaweza kumtoa mtoto wake na kumwekea mwingine. Sasa kama lazima atoke, sokoni lazima aende, anachomeka pini kwenye nguo yake hapo tumboni, au anabeba jiwe dogo. Utawakuta hivo mabinti wa chuo Ibadan, wafanyakazi wa benki wa Lagos, wamesoma na pini wanayo. Watu wa afya wakiiona wanakunja uso. Jamani, pini inamuua nani? Na ukiangalia vizuri, kumzuia mwenye mimba ya miezi nane asitembee kwenye jua kali la saa saba sidhani kama kuna dokta atapinga.

Ili ulielewe hilo la pini inabidi ujue wenyewe wanaionaje mimba. Kwao Obatala, mmoja wa miungu yao, ndo anafinyanga mwili tumboni, ndo maana albino na wenye kibiongo wanahesabiwa ni watu wake maalumu, afu Olodumare, Mungu mkuu, anatia pumzi, na mtu kabla ya kuja duniani anapita kwa Ajala mfinyanzi wa vichwa kuchagua ori yake, kile kichwa cha ndani kinachobeba majaaliwa. Mtoto kwahiyo yuko safarini, ametoka huko orun (mbinguni) hajafika aye (duniani), na mlango kati ya huko na huku uko wazi kwa miezi yote tisa. Mama ndo amesimama kwenye huo mlango. Watu wa kulaumu "uelewa mdogo" hapa wanapitwa na kitu kikubwa, kwamba msingi wa imani yote hii ni kuwa ujauzito ni HATARI, mama anaweza asirudi. Ndo maana hata dua yao kwa mjamzito ni moja inayoenda moja kwa moja, tutasikia sauti ya mama, tutasikia sauti ya mtoto, yaani zote mbili, usinipe moja. Sasa jamii inayoomba hivo unaiambia nini kwenye semina? Kwamba mimba ina hatari? Wanajua kabla yako.

Haya, tuingie kwenye zinazokula masaa, maana zipo na sitaki mtu adhani nimekuja kupamba.

Ya kwanza ni siri. Mimba changa haitangazwi, watu wabaya wapo, aje (wachawi) wanasikia, unakaa kimya mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Hili na sisi tunalo, tusijifanye, ni wangapi huku wanaficha mpaka mwezi wa tano kwa kuogopa kijicho? Matokeo yake kliniki inaanza imechelewa. WHO tangu 2016 inataka mjamzito aonwe mara nane, na ya kwanza iwe ndani ya wiki 12, kwasababu hapo ndo unapima wingi wa damu, kaswende, HIV, unajua presha yake ya kawaida ni ngapi ili baadae ikipanda ujue imepanda kutoka wapi. Mtu akija wiki ya 24 hiyo presha ya mwanzo hujui, umeshaipoteza. Lakini ebu angalia kliniki yenyewe ilivyo, benchi liko nje linaangalia barabara, nesi anaita majina kwa sauti, mara "wewe wa mimba ya kwanza njoo huku". Mwenye kuficha mimba aende pale kufanya nini? Mkunga wa jadi, wanamuita agbebi, anampokea jioni kwa mlango wa nyuma na siri inabaki ndani. Mimi hapo naona tatizo la mlango kuliko tatizo la imani, maana kliniki ingeweza kabisa kumtunzia mtu siri yake kama ingetaka.

Ya pili ndo inayonivutia kuliko zote, kufunga mimba, oyun dide. Mwanamke aliyeharibikiwa mimba mara mbili tatu anapelekwa kwa onisegun, mganga wa dawa, na ile mimba mpya "inafungwa", kwa mkanda wa kiunoni, au pete, au kufuli lililosemewa maneno, linafungwa na kuwekwa, na karibu na siku za kujifungua aliyefunga anatakiwa kufungua. Cheka ukitaka ila ngoja kwanza. Mwaka 1955 daktari mmoja wa Bombay, V. N. Shirodkar, aliandika kuhusu kuifunga shingo ya kizazi kwa uzi kwa wanawake ambao mimba zinatoka kwasababu mlango umelegea, miaka miwili baadae Ian McDonald wa Australia akaleta njia yake iliyo rahisi zaidi, na mpaka leo hospitali zinafanya hivo, uzi unawekwa, ukifika wiki ya 36 au 37 unakatwa. Umeona? Ni wazo lile lile, mimba inayotoka inafungwa, ikikomaa inafunguliwa. Mtu ambaye bibi yake alifungiwa mimba kwa kufuli ukimweleza habari ya uzi anakuelewa kwa dakika mbili.

Tofauti iko wapi sasa. Uzi umeandikwa kwenye kadi, dokta yeyote wa zamu anaukata. Kufuli lina mwenyewe. Uchungu umeanza, umekaa tangu asubuhi, jua linazama, mtoto hashuki, na ndugu wakakumbuka kwamba mimba hii ilifungwa, basi kinachotafutwa pale sio gari, anatafutwa mzee aliyefunga, na mzee ameenda msibani mji wa pili na simu yake haipatikani. Mtoto yule pengine amelala vibaya au kichwa chake kimekuwa kikubwa kuliko njia, hakuna kufuli lolote hapo, anahitaji oparesheni. Masaa sita yanaondoka, kumi yanaondoka. Hapo ndo imani inaua, na inaua kwa njia ambayo unaweza kuinyoosha kidole kabisa. Lakini angalia pia unaweza kuitengeneza kwa kidogo tu, mwambie onisegun afungue wiki ya 36 bila kusubiri uchungu, kama mwenzake wa hospitali anavyofanya. Hujamnyang'anya mtu dini yake, umeisogeza tarehe.

Ya abiku wengi mmeisikia, mtoto anayezaliwa ili afe, anarudi kwa wenzake wa huko juu, afu anazaliwa tena kwa mama yule yule kumtesa. Walikuwa wanaichanja maiti ya mtoto alama ili akirudi watamjua, na wanampa yule anayefuata majina ya kumbembeleza au kumtisha, Malomo, usiende tena, Durojaiye, kaa ule maisha, Kosoko, hakuna jembe la kukuchimbia kaburi. Zamani surua na malaria zilikuwa zinafagia watoto, hilo moja. Ila kuna kitu kingine hapa ambacho madaktari wamekiandika tangu miaka ya themanini, siko seli, yaani selimundu. Kiasi cha Mnigeria mmoja kati ya wanne au watano anabeba jeni moja ya ugonjwa bila kuumwa, wakikutana wawili kila mimba yao ina nafasi ya robo kumpata mtoto mgonjwa, na kabla ya matibabu ya sasa wengi walikuwa hawavuki utoto. Sasa wewe uwe mwanakijiji wa Ekiti mwaka 1900, nyumba hii watoto wanakufa mmoja baada ya mwingine wakiwa na macho ya njano na vidole vimevimba, nyumba ya jirani maji ni yale yale, chakula kile kile, hawafi. Utasemaje? Utasema ni yule yule anarudi. Walichokiona ni sahihi, kwamba jambo limeshika familia fulani na halina uhusiano na uchafu wala njaa, walichokosa ni darubini.

Na cheki kilichotokea baadae. Nigeria ya leo vijana wakianza kupendana swali la mapema kabisa ni jenotaipu yako nini, yaani damu yako inabeba siko seli au haibebi, makanisa mengi hayafungishi ndoa mpaka vipimo vionekane. Hofu ya abiku haikupigwa marufuku na mtu, imehamia maabara. Sisi Tanzania tuko kwenye zile nchi chache zinazoongoza duniani kwa kuzaa watoto wenye selimundu, nenda Kanda ya Ziwa ujionee, lakini hebu taja mchumba mmoja uliyemsikia akiuliza.

Niingie kidogo kwenye majina, maana hapa Wayoruba wananifurahisha. Wana majina ambayo mtoto "anakuja nayo", hachaguliwi na mtu, yanatokana na alivyozaliwa. Aliyetanguliza miguu ni Ige. Aliyetoka kifudifudi Ajayi. Aliyezungukwa na kitovu shingoni ni Ojo kama wa kiume, Aina kama wa kike. Aliyezaliwa na mfuko wake haujapasuka, Oke. Aliyepitiliza siku, Omope. Hiyo ni rejista ya wodi ya wazazi imewekwa kwenye majina ya watu, na mkunga mwenye kumbukumbu akimpokea mama mwenye mtoto anaitwa Ige anajua mimba iliyopita ilikuwa ya kutanguliza miguu kabla hajauliza chochote. Na mapacha ndo usiseme. Mapacha wa Kiyoruba ni Taiwo na Kehinde, anayefuatia ni Idowu, sawa na Wasukuma na Kulwa wao na Doto na Shija, ila kwao anayetangulia kutoka ndo mdogo, katumwa na mkubwa aje aonje dunia kama inafaa, mkubwa anafuata akishapata taarifa. (Kina Kulwa msianze ugomvi.)

Mapacha wamekuwa na nafasi kubwa hivo, na vile vinyago vya ibeji vinavyochongwa pacha mmoja akifa, kwasababu wapo wengi mno. Patrick Nylander, daktari wa Ibadan, alihesabu miaka ya sitini na sabini akakuta mapacha kama 45 na zaidi kwa kila vizazi 1,000, ukanda ule unaongoza duniani, na mji wa Igbo-Ora mpaka una sherehe ya mapacha. Wenyewe wanasema ni mlenda wa majani ya bamia, ilasa, sayansi bado haijawapa jibu la kueleweka. Kwa hoja yangu cha maana ni kwamba mimba ya mapacha ni mimba ya hatari, presha inapanda zaidi, damu inatoka zaidi, wa pili analala vibaya. Watu wenye mapacha wengi kuliko wote duniani wakijenga dini nzima kuzunguka kuzaa, mimi sishangai hata kidogo.

Chakula nipite haraka. Konokono hapana, mtoto atakuwa na udenda, mayai hapana, atakuwa mwizi. Konokono ana protini na madini ya chuma kibao na mjamzito mwenye damu ndogo anamhitaji kweli, hilo kubali. Ila mwambie mjamzito wa Tandale au Kibera kwamba tatizo lake la damu ni mwiko wa mayai, atakuuliza mayai yenyewe ya kwako?

Kuna la maji ya Osun pia. Mto Osun una mungu wake wa kike, mama wa uzazi, na msitu wake pale Osogbo uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2005, kila Agosti msichana anabeba kibuyu cha sadaka mpaka mtoni, wanawake wanaotafuta mtoto wanachota, wanaoga, wanakunywa. Karne na karne wamekunywa. Mwaka 2022 serikali ya jimbo ikabidi iwaonye waumini wasinywe, mto umekuwa wa kahawia kwasababu ya uchimbaji wa dhahabu kule juu, na hofu ni metali nzito kama risasi, na risasi inavuka kondo la nyuma inaingia kwa mtoto. Aliyeharibu hapo ni nani, mama mwenye kibuyu au mwenye mashine za kuchimbia? Lakini subiri uone, ripoti itakuja kuandikwa kwamba "mila ya kunywa maji ya mto inahatarisha wajawazito".

Sasa tuje kwa agbebi mwenyewe, maana yeye ndo anaangushiwa lawama zote. Ukisikia mkunga wa jadi usiwaze bibi wa kijijini peke yake, mijini wapo tele, na wengi ni wa makanisa. Tangu uamsho wa mhubiri Joseph Ayo Babalola ulipoanzia Ilesa mwaka 1930 na kuzaa kanisa la Christ Apostolic, maji ya kuombewa yamekuwa dawa, na makanisa ya namna hiyo yana nyumba za kujifungulia. Siku ya kliniki yao wajawazito wanafika asubuhi kila mmoja na kidumu chake cha maji, wanaimba, wanacheza, mimba ya miezi nane anacheza, wanaomba wajifungue kama wale wanawake wa Kiebrania waliojifungua kabla mkunga hajafika, kidumu kinaombewa kinarudi nyumbani. Agbebi asiye wa kanisa yeye ana chupa za agbo, dawa za majani zilizochemshwa, ana mafuta ya shea ya kukanda tumbo, ana aseje, kale kachakula kenye dawa ndani. Anamjua mama yako. Ukikosa hela leo unalipa kidogo kidogo. Na uchungu ukifika anakuacha upige magoti, ndo namna ya Kiyoruba, magoti ya mzazi ni kitu cha kuapia kabisa kwao, kumkumbusha mtu magoti ya mama yake ni kumgusa pabaya. Hospitali kwa miaka mingi ilikuwa inamlaza mama chali na kumkemea akijigeuza, ndugu nje, na WHO mwaka 2018 ndo ikaja kuandika kwenye mwongozo wake kwamba mama achague mwenyewe mkao anaoutaka hata wa wima, na awe na mtu wake pembeni. Agbebi hakupewa hata asante.

Lakini agbebi hana damu ya kuongeza, hana magnesiamu, hana chumba cha oparesheni. Watu wa jimbo la Ogun walipoulizwa kuhusu kifafa cha mimba walitaja baridi na mawazo mengi, na ile hali ya kabla, presha ikipanda kimya kimya, ilikuwa haina hata jina kwao. Presha haionekani kwa macho, huwezi kumlaumu mtu asiyekuwa na kipimo. Dawa ya kifafa ipo na ni rahisi, utafiti mkubwa wa Magpie uliotoka 2002 ulionyesha magnesiamu salfeti inapunguza kifafa kwa nusu. Ila iko hospitali, na mama yuko kwa agbebi, na swali ni moja, agbebi anamtoa saa ngapi?

Hapa ndo nimefika ninapotaka kufika. Agbebi anachelewa kumtoa mama kwasababu akimtoa anakosa hela. Ndo hivo tu. Kamlea miezi sita, kamkanda, kamchemshia agbo, malipo yenyewe yanakuja mtoto akilia hapo kwake, akimpeleka hospitali nesi anampokea mama afu anamfokea yeye mbele za watu. Wewe ungempeleka? Tunaita imani kitu ambacho ni biashara ya kawaida kabisa.

Jimbo la Ondo waliliona hilo. Gavana Olusegun Mimiko alianzisha mpango wa Abiye mwaka 2009 kwa majaribio kule Ifedore, wahudumu wanawafuata wajawazito nyumbani, mama ana simu ya kupiga, usafiri upo, 2010 wakafungua hospitali ya mama na mtoto Akure, huduma bure, na wakaweka sheria kwamba kila kifo cha uzazi kichunguzwe kilitokeaje. Uchunguzi ukawa unawarudisha kwenye nyumba za maagbebi na za makanisa. Kama ingekuwa ni kwingine pangetolewa tamko la marufuku siku hiyo hiyo, polisi wawili watatu, picha gazetini, na wakunga wangehamia vichochoroni. Wao 2014 wakaja na Agbebiye, agbebi akimpeleka mjamzito kituoni anapewa vocha yenye thamani, na pembeni anafundishwa kazi nyingine, kutengeneza sabuni na vitu kama hivyo, ili asitegemee kuzalisha. Hakuna aliyeambiwa Osun hayupo. Hakuna aliyevuliwa pini. Kilichobadilika ni mahali hela ilipo.

Na kuna ushahidi mwingine kutoka kwa Wayoruba hao hao ambao kila mama wa Afrika Mashariki ameushika mkononi bila kujua. Ile kadi ya kliniki ya mtoto, yenye mistari ya kuonyesha uzito unapanda au unashuka, asili yake ni kijiji cha Kiyoruba kinaitwa Imesi-Ile, daktari David Morley alikuwa anafanya kazi kule kutoka hospitali ya Wesley Guild ya Ilesa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Kadi anakaa nayo mama mwenyewe nyumbani, haifungiwi kabatini hospitali. Kukabidhi kumbukumbu za matibabu kwa mama wa kijijini mwaka ule ilikuwa ni kumwamini mtu ambaye ripoti zilikuwa zinamuita mjinga, na hakuipoteza.

Kwa upande wa hospitali napo masaa yanaliwa, tena bila imani yoyote. Mama kafika kwa wakati, anaambiwa kanunue glavu, kanunue pamba, dripu hakuna, lete hela ya damu kwanza, madokta wako kwenye mgomo, manesi wamehamia Uingereza. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanyika Nigeria, Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, uliwawekea wazazi plastiki yenye alama chini ya makalio ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara moja, matatizo makubwa ya kutokwa damu yakashuka kwa asilimia 60. Hao walikuwa hospitali tayari! Kumbe kabla ya hapo hata wenye makoti meupe walikuwa wanakadiria. Na sisi Tanzania tulivyoshusha namba yetu kwenye tafiti za kitaifa, kutoka vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, sikusikia popote kwamba wajawazito wa Shinyanga waliacha miiko yao, nilichosikia ni vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji na baadae gari la m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito, ukipiga 115.

Nigeria nayo Novemba 2024 waziri wa afya wa wakati huo Ali Pate alitangaza oparesheni za uzazi bure kwa wanawake maskini, ni jambo zuri likifika chini. Nasema likifika kwasababu ya Ondo. Mimiko alimaliza muda wake Februari 2017, na waliofuata wakaanza kuweka ada pale ambapo palikuwa bure, kujifungua kwa kawaida kukawa na bei yake, oparesheni ikawa na bei yake. Agbebi wa mtaani Akure hakupandisha bei, bado anapokea kidogo kidogo, na mlango wa nyuma uko wazi jioni.